Alinisalimu Tu, Bado Hajaniuliza

Mwaitu, mama yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoiita ya wenye maduka. Kikamba kingeniliza kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Na Kiingereza sitaki kukupa tena. Ulichokuwa nacho kilitosha.

Mvua imenyesha vizuri tangu uondoke. Mbaazi zako za upande wa mtoni zimezaa mpaka matawi yameinama, na mke wa kaka anazichuma bila hata kukutaja. Kiondo ulichokiacha nusu kusukwa bado kimening'inia pale juu ya meko, penye moshi. Hakuna aliyethubutu kukimalizia, na hakuna aliyethubutu kukishusha. Mpishi wa misheni, yule aliyekuwa akikucheka, siku hizi akiniona anavua kofia. Sijui kama ni huruma au ni aibu, wala sitamuuliza.

Ni yeye aliyekufanya utake Kiingereza. Ulikuwa ukipeleka mayai jikoni kwa Bibi, Mzungu mkuu wa shule yetu ya misheni, na mpishi akisimama kati yenu kutafsiri, akigeuza maneno yako apendavyo, halafu anacheka na watumishi wenzake. Siku moja nikiwa likizo ulirudi nyumbani umenuna, ukaweka kikapu chini, ukaniambia, "Nipe maneno yangu mwenyewe."

Nikakupa. Wewe unasokota nyuzi za kiondo juu ya paja, mimi nachambua maharagwe. Egg. Water. Basket. Spoon. Ulikubali neno lenye kitu chake tu. Nilipokupa "afternoon" ulitazama huku na huku, ukauliza linakaa wapi. "Spoon" ulilitamka "sipuuni", ukajicheka mpaka uzi ukakatika. Yule mtetea mweupe ukampa jina Eki, ndiyo "egg" yako, na akawa anaitikia. Tulimchinja, Mwaitu. Waliokuja kukuzika walikuwa wengi na nyama haikutosha.

Lakini jibu la salamu ndilo ulilolipenda kuliko yote. Mtu akikuuliza "How are you?" unasema, "I am very well, thank you." Nilipokueleza maana yake, kwamba u mzima kabisa na unashukuru, ulitikisa kichwa kwa kuridhika. Ukasema, kumbe hawa watu nao wana adabu.

Najua ulichokiona. Kwetu mtu haulizwi shida mlangoni. Hata kama ng'ombe wako amekufa asubuhi hiyo, ukisalimiwa unajibu ni kwema. Unakaribishwa, unaketi, unapewa kibuyu cha uji. Kisha mwenyeji anakugeukia mara ya pili, anakuuliza habari kwa sauti nyingine, ya chini. Hapo ndipo unafungua kifua. Hakuna mtoto wa Mbooni asiyejua hivyo. Na wewe ulidhani aliyetunga kitabu changu cha shule anajua hivyo pia, ila mimi bado sijafika kwenye ukurasa wa swali la pili.

Hakuna ukurasa huo. Nimekisoma kitabu chote.

Siku yenyewe sikuwepo. Nilisimuliwa na mdogo wako, mama mdogo Kalekye, tulipokuwa tukikuosha kabla ya mazishi. Alisema tumbo lilikuwa likikuuma upande wa kulia tangu siku ya soko la Kikima, nawe ukafunga shuka kwa nguvu zaidi na kuendelea kulima. Mwishowe mlishuka naye zahanati ya misheni, yeye amebeba mtoto wake mgongoni, ambaye macho yalikuwa yakitoa usaha. Foleni ilikuwa ndefu. Zamu yenu ilipofika, msaidizi wa zahanati alisogea akutafsirie, nawe ukamwinulia mkono anyamaze. Ulikuwa na maneno yako mwenyewe.

Sista, yule Mzungu wa dawa, akakusalimu. Ukasimama wima. Ukamjibu yote, hukukosea hata neno moja. Kalekye anasema Sista alifurahi, akakusifu. Kisha akamwona mtoto, akajua huyo ndiye mgonjwa aliyeletwa. Akamtia dawa machoni, akakusifu tena, akaita mwingine.

Nawe ukaenda kuketi kwenye benchi, ukangoja.

Kalekye alikuvuta shuka, akasema twende tumwambie. Ulimkatalia. Alijaribu tena, ukamkaripia kama mtoto. Ulimwambia, "Alinisalimu tu. Bado hajaniuliza."

Mpaka mlango wa zahanati ukafungwa. Mkapanda mlima. Jumapili haikukukuta.

Watu wa kanisani wananishika mkono na kuniambia nisijilaumu. Mimi sijilaumu. Nakulaumu wewe, Mwaitu. Nimelibeba hili kifuani muda mrefu na leo nalitoa. Ulikuwa na maumivu ya kumlaza ng'ombe chini, na ulikaa na adabu zako kwenye benchi kama mgeni wa arusi. Ulimkaripia Kalekye, wewe ambaye uliwahi kumfukuza karani wa chifu shambani kwa jembe. Mbele ya karani ulikuwa na mdomo. Mbele ya kifo ukawa na heshima.

Na namlaumu Sista, ambaye ananisalimu kila Jumapili na hajui mimi ni binti wa nani.

Sasa nikwambie jambo ambalo ndilo limenifanya niandike.

Shuleni wamenipa darasa la wasichana wadogo nilifundishe. Somo la kwanza ni salamu, na jibu ni lile lile. Sikuweza, Mwaitu. Mdomo ulikataa. Nikawafundisha nisichokikuta kitabuni: kichwa, jino, tumbo, mgongo, na namna ya kusema panauma hapa huku mkono ukiwa pale panapouma. Niliwaambia wakiulizwa hali, waseme ilivyo.

Wiki iliyopita alikuja mkaguzi wa shule, Mzungu mrefu mwenye soksi mpaka magotini. Bibi alikuwa nyuma yake. Mkaguzi akawasalimu wasichana mmoja mmoja. Walio wazima wakajibu wazima. Akafika kwa Mumbua, msichana ambaye shavu lilikuwa limevimba. Mumbua akaweka kidole shavuni, akamwambia kwa Kiingereza kwamba jino linamuuma na hajalala.

Nilimwona Bibi akikaza midomo. Na yule mkaguzi, Mwaitu, alipiga goti. Aliweka kofia yake sakafuni, akamwambia Mumbua afungue kinywa, akachungulia ndani. Mchana huo huo Sista aling'oa jino.

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya jiko, nikakasirika. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba Wazungu hawana masikio. Ningeishi na hilo, ningewachukia vizuri. Lakini angeinama. Ungeweka mkono ubavuni, na Sista angeinama.

Jioni Bibi aliniita. Alisema niliiaibisha shule, kwamba salamu si mahali pa kulalamika na mgeni hatwishwi maradhi mlangoni. Alisema kama wewe, kabisa kama wewe, na nusura nicheke. Kesho asubuhi atakuja kukaa darasani mwangu. Nisipofundisha jibu la kitabu, darasa atapewa mwingine, nami nirudi kulima mbaazi.

Basi sikiliza ahadi yangu. Kesho nitalifundisha jibu lako. Watalisema wote pamoja, wazuri, wameketi wima, na Bibi atatikisa kichwa kama ulivyotikisa wewe. Kisha nitashuka kutoka ubaoni, nipite kati ya madawati, nimwinamie kila mmoja na kumuuliza tena, kwa sauti ile ya chini, ya baada ya uji. Nitauliza mbele ya Bibi. Akininyang'anya darasa, nitakuwa nimeuliza.

Na Jumapili, Sista akinisalimu mlangoni mwa kanisa, nitamjibu ni mzima kabisa na nashukuru. Halafu sitaondoka. Nitamwambia nina mama aliyemngoja kwenye benchi.

Pumzika, Mwaitu. Hasira yangu haijaisha, usitarajie niseme imeisha. Kiondo nitakishusha leo, nikimalizie kwa nyuzi zako zile zile zenye moshi.

Wako,
binti yako uliyemwomba maneno