Bafu la Nyumba ya Ukoo

Koto Sikaduduk, 12 Agosti 1996

Kwa mwanangu Zulfadri,

Assalamu alaykum. Barua hii ikikukuta mzima, wewe na mkeo Lestari na wajukuu wangu, basi nami nitakuwa mzima kuliko nilivyo leo. Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha? Usinywe maji ya barafu.

Nakuandikia kwa mkono wangu, usiucheke mwandiko, maana sitaki mtu asome haya kabla yako. Juzi nilianguka. Nilikuwa nashuka bwawani kuoga kabla ya swala ya alfajiri, mguu ukateleza, nikakalia nyonga. Jirani yetu Jumaidah ndiye aliyenikuta. Alinipandisha kilima, naye mzee kama mimi, tukihema kama nyati wawili wa kulimia, huku hanyamazi: "Rosmaniar, nilikwambia uzae japo binti mmoja. Umezaa dume moja, nalo limehamia kwa watu. Nani atakukanda nyonga?"

Nikamwambia, "Wewe mwenye mabinti watatu Jakarta, wako wapi? Si unakandwa na mimi?"

Tulicheka, ila nilipocheka iliuma zaidi.

Mkunga wa kijiji siku hizi anatukusanya wanawake wazee, anatupima presha na kutunyoosha viungo kama watoto wa shule. Alinishikashika akasema mfupa haukuvunjika, lakini nisishuke tena bwawani. Sasa nioge wapi, chunguni?

Usihangaike. Nimekwambia tu ujue.

Mama yako

---

Bekasi, 27 Agosti 1996

Mama yangu,

Waalaykum salaam. Naibusu mikono yako. Kikohozi kimekwisha. Lestari na watoto wanakusalimu.

Unasema nisihangaike, na tangu barua ifike chakula hakishuki. Nimefikiri, nimeona njia mbili. Ya kwanza, uje ukae nasi. Chumba cha mbele kipo. Ya pili, kama hutaki kuja, nikujengee bafu nyuma ya jiko, lenye choo cha kukalia na vyuma vya kushikia ukutani. Kwa kuwa nakujua utachagua kutochagua, nimekwisha kuzungumza na fundi Syafrudin wa mjini. Atakuja mwezi ujao na vifaa vyake vyote. Wewe kazi yako ni kukaa tu.

Mwanao

---

Koto Sikaduduk, 8 Septemba 1996

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Nimefurahi kifua kimepona. Nyonga yangu inapungua maumivu, natembelea fimbo ya mwanzi.

Kuhusu Bekasi. Lestari ni mwema, sina neno naye, ndiyo maana nataka tubaki hivyo hivyo. Mama hukaa nyumbani kwake, au kwa bintiye. Nikienda kukaa chini ya paa la mke wa mwanangu, watu hapa watauliza kama nyumba yetu imeishiwa nguzo. Na huko kwenu nitakuwa naomba ruhusa hata ya kushika chumvi.

Kuhusu fundi, nakusihi, mzuie. Umekaa mno mahali ambapo mtu hununua nyumba. Hii ni ya ukoo wa bibi zako. Mimi ninaikalia, na nikiondoka ni ya Yusnidar, binti wa marehemu dada yangu, anayekaa upande wa pili. Wewe umezaliwa humu, lakini hata ubao mmoja si wako. Njoo na tambuu, ukae mbele ya mjomba wako Datuk, mkuu wa ukoo, na Yusnidar, useme shida yako. Wataitafuna, ndiyo kukubali kwao. Ni jambo la kikao kimoja. Lakini lazima uombe.

Mama yako

---

Koto Sikaduduk, 24 Septemba 1996

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Natumai hamjambo. Barua yangu ilichelewa, au uliipata ukainyamazia, sijui. Fundi alikuja.

Nilimwambia asubiri, akasema ana kazi nyingine ng'ambo ya mto. Aling'oa mbao za ukuta wa jiko. Yusnidar akatoka upande wake, mikono ina unga wa mchele.

"We fundi, huo ukuta wa nani?"

"Wa mama yake Zul."

"Nani kakutuma?"

"Zul mwenyewe."

"Zul kazaliwa humu, hakurithi humu. Shuka kabla sijaiondoa ngazi."

Fundi alishuka, nyundo akaisahau. Mjomba wako aliitwa. Aliutazama ukuta, akanitazama mimi, akasema hataitisha kikao chochote mpaka aliyetuma nyundo aje na tambuu mkononi. Kisha akaenda zake.

Sasa jiko lina tundu la kupitisha mbuzi. Kuku wanaingia na kutoka. Saruji imekaa chini ya nyumba, kati ya nguzo, inapigwa na unyevu. Naoga bwawani kama zamani.

Njoo, mwanangu. Hata kwa siku mbili.

Mama yako

---

Bekasi, 9 Oktoba 1996

Mama yangu,

Waalaykum salaam. Sisi wazima.

Barua yako ya kumzuia fundi ilifika akiwa tayari njiani. Nisamehe kwa usumbufu. Lakini sielewi nyumba inayomfukuza mtu kwa kutaka mama yake aoge bila kuvunjika. Yusnidar alikuwa wapi ulipoanguka? Mjomba alikuwa wapi? Aliyekubeba ni jirani.

Siwezi kuja kuomba kile ambacho walipaswa kukifanya wao. Kama ukuta ni wao, wauzibe. Wewe jiandae kuja kwangu.

Mwanao

---

Koto Sikaduduk, 2 Novemba 1996

Mwanangu Zul,

Assalamu alaykum. Unakula? Lestari anapika pilipili, au bado mnakula vitu vitamu kama dawa ya watoto?

Mkunga alisikia kuwa bado nashuka bwawani, akanigombeza mbele ya wote. Kumbe si mimi tu. Karibu kila mwanamke mzee hapa ameshaanguka pale, alikuwa anaficha asije akaambiwa amezeeka. Basi tumepanga. Tunashuka pamoja jua likishatoka, mmoja anaoga, wawili wanashika. Jumaidah anasema tumekuwa maharusi wa kuogeshwa. Lakini mvua ikinyesha hatuwezi kushuka, na inanyesha.

Uliuliza Yusnidar alikuwa wapi. Alikuwa amelala kibandani shambani, msimu wa kupandikiza mpunga, wangu pamoja na wake. Nimekaa naye nikachambua naye maharage, akasema mwenyewe. Anaogopa. Anasema, "Leo Zul anajenga bafu, kesho wanawe watakuja kusema baba yao alijenga nyumba." Yamewahi kutokea ng'ambo ya mto, mpaka wanawake wakatolewa na vyungu vyao. Na yeye ana binti wa kumwachia.

Si chuki, mwanangu. Anataka asikie kutoka mdomoni mwako kuwa bafu ni la nyumba, si lako. Maneno hayo tu. Ukiyasema, nabaki nyumbani kwangu. Usipoyasema, ama nitavunjika bwawani ama utanipakia kwenye gari.

Mama yako

---

Bekasi, 25 Novemba 1996

Mama yangu,

Waalaykum salaam. Kiwandani wamekataa kunipa likizo mpaka Idi. Mvua hazingoji Idi, nami siwezi kulala nikisikiliza mvua ya huku nikiifikiria ya huko.

Nimekukatia tiketi ya basi la tarehe kumi na tano Desemba. Dereva ataileta mwenyewe pamoja na barua hii. Lestari amenunua kitanda kifupi usipate taabu kupanda. Hili naamua mimi, Mama, kwa kuwa nawe huna mtoto mwingine.

Mwanao

---

Bekasi, 20 Desemba 1996

Mama,

Basi limefika bila wewe. Dereva anasema alipiga honi mpaka watu wakamtukana. Nijulishe tafadhali. Lolote lile.

Mwanao

---

Koto Sikaduduk, 19 Januari 1997

Mwanangu Zulfadri,

Assalamu alaykum, na Ramadhani njema. Nisamehe kwa kimya. Sikutaka kukuandikia jambo lililo nusu. Mimi mzima.

Honi niliisikia. Nilikuwa nimekaa upande wa Yusnidar na kijaluba cha tambuu mbele yangu. Nimekwenda mwenyewe. Mimi mama yake mdogo, niliyemwosha akiwa mchanga, nimekwenda kwake na tambuu kama mposaji.

Akasema, "Mama mdogo, mbona wewe? Mwanao hana miguu?"

"Miguu anayo, likizo hana."

Hakucheka. Kijaluba hakukigusa. Nikamwambia, "Naomba bafu. Litakuwa la nyumba. Zul hatalihesabu lake, wala wanawe. Nasema mimi niliyemzaa."

Aliisikiliza honi ya basi. Kisha akauliza, "Na hao wazee wenzako? Wakisikia lina vyuma vya kushikia, watahamia hapa."

"Watakuja."

"Na kuni za kupashia maji?"

"Kila mmoja na zake."

"Na kulisugua?"

"Wenye magoti tutasugua chini, wasio na magoti watasugua ukuta."

Hapo akafungua kijaluba.

Mjomba wako alipoitwa alinuna. "Tangu lini mwanamke akabeba tambuu ya mwanamume?"

Nikamwambia, "Tangu mwanamume alipotuma nyundo mahali pa tambuu." Alitafuna akitazama pembeni, lakini alitafuna.

Fundi alirudi kumalizia, akaipata na nyundo yake. Saruji iliyoganda Yusnidar ameifidia kwa yake. Nimetoa ahadi kwa jina lako, Zul, bila kukuuliza. Ulituma fundi kwangu bila kuuliza, mimi nimekuahidia bila kuuliza, basi tumelipana. Lestari mshukuru sana kwa kitanda, mlaze mjukuu wangu Dimas, anakua.

Sasa wanawake wazee wanakuja baada ya alasiri, kila mmoja na kuni kwapani, wanakaa ngazini wakingoja zamu, na mkunga huwapimia presha papo hapo. Jana alikuja bibi mmoja wa ng'ambo ya mto, mgeni kwetu. Alitoka ana mvuke kichwani, akasema mbele ya wote, "Zuri kweli. La nani hili?"

Jina lako lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Yusnidar alikuwa anapepeta mchele, akasimamisha ungo.

Nikasema, "La nyumba."

Ungo ukaendelea.

Basi njoo Idi, na mkeo na watoto. Lestari ataoga ndani pamoja nasi, yeye ni mgeni wa wanawake. Wewe utaoga bwawani na wanaume wenzako. Taulo nitakuwekea.

Mama yako