Kuku Waliokataa Kuugua

Nguter, Jumatano

Dada yangu mpendwa Endah,

Kabla ya salamu naomba nitue mzigo, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, unanijua. Nimemdanganya Daktari Tiurma, na wala sikutamka hata neno moja la uongo. Hakuna niliyemwambia. Baba hajui kitu. Mama anajua nusu, na hiyo nusu anaiona ni thawabu.

Sasa nakusalimu. Hujambo, Dada? Shemeji hajambo? Mtoto ameanza kutambaa, au bado anasubiri kubebwa kama mfalme? Nimeandika barua kwa sababu simu yetu ni moja, na Mama huufungulia sauti kila ujumbe wako mbele ya majirani. Sisi tu wazima. Baba amepona kikohozi. Mama bado anabeba kikapu chake cha chupa mgongoni kila asubuhi, anauza dawa ya manjano na ukwaju mpaka sokoni. Kiuno kinamuuma, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama ni wewe utakayekwenda kuwanywesha wateja wake.

Mimi nimemaliza shule. Wenzangu wengi wameingia viwanda vya nguo. Nilibaki nyumbani, na wageni wakija najificha jikoni kama zamani. Ndipo akaja Daktari Tiurma wa chuo kikuu. Ni Mbatak, wa kule ziwani Sumatra, na sauti yake usipime. Siku ya kwanza jirani alikuja mbio akidhani anagombana na Baba, kumbe alikuwa anauliza choo kiko wapi.

Alikodi nusu ya banda la kuku wetu wa nyama. Alitaka kujua kama manjano yakichanganywa kwenye chakula yanaweza kuwakinga vifaranga na ule ugonjwa wa kuhara damu, bila dawa za dukani. Banda likagawanywa vyumba vidogo kwa waya. Kuku wa vyumba vya kushoto walikula chakula chenye manjano, wa kulia chakula kitupu. Baadaye wote wangetiwa ugonjwa mdomoni, kisha tusubiri. Wa manjano wakisimama na wa chakula kitupu wakianguka, basi manjano ni dawa. Baba alitoa ahadi kwamba hataingia mtu mwingine ila mimi. Nilivaa viatu vya banda, nikavichovya kwenye maji ya dawa mlangoni, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwangu.

Niliipenda kazi ile, Dada. Kuku hawakuulizi mbona uko kimya. Nilijifunza kuchanganya chakula, kugeuza makapi ya mpunga ya sakafuni yasilowe, na kujua kwa mlio tu kama vifaranga wanaona baridi. Daktari alinieleza kila kitu, hata yasiyonihusu.

Mama naye alikuwa anachungulia kwenye waya. Siku moja aliniuliza hawa wa kulia wanapewa dawa gani. Nikamwambia hawapewi, wao ni wa kulinganishia. Akasema, kumbe hawa ni watoto wa kambo. Nikajaribu kumweleza kwamba bila wao hatuwezi kujua. Akaniambia shule imenifundisha kuhesabu maiti. Yeye azunguke kijiji kizima kuwanywesha watoto wa watu, halafu nyumbani kwake viumbe wa Mungu wakodolewe macho mpaka wafe? Akanyoosha mkono, akataka ufunguo. Akaongeza kwamba nisimwambie mtu.

Nikaitikia, “Inggih.”

Wewe umekaa Lampung siku nyingi, kati ya watu wa kila kabila, labda umeanza kusahau uzito wa inggih ya huku kwetu Jawa. Mkubwa akisema, unaitikia inggih. Maana yake nimekusikia, sikupingi usoni. Si lazima iwe ndiyo. Fundi wa paa tulimwambia aje kesho, akasema inggih, na hakuna aliyemsubiri. Sisi tunaelewana hivyo. Nilipomwambia Mama inggih sikuwa nimekubali, lakini ufunguo ulikuwa tayari umeondoka shingoni.

Tangu siku hiyo, kila alipotoka sokoni, alimimina dawa iliyobaki kwenye vyombo vya maji vya watoto wake wa kambo, akizungumza nao, kisha ananirudishia ufunguo. Alimwambia mmoja acha uroho, wewe huna mama? Mimi nilivisugua vyombo kwa majivu asubuhi, maana manjano yanashika. Vidole vyangu vilikuwa vya njano, lakini ni mimi niliyechanganya chakula cha upande wa pili, nani angeshangaa?

Ugonjwa ukatiwa. Kuku wa kulia walijikunyata kidogo, nikalia peke yangu kwa sababu sikujua niombee nini. Kisha wakainuka, wakala kama wageni wa harusi. Daktari akachinja baadhi yao, akawapasua kwenye meza nyuma ya banda, akawa anapitisha kidole kwenye utumbo akitafuta madoa ya damu kama mtu aliyedondosha pete. Alipata machache tu. Akaniita. Akauliza, hawa wamekula chakula kitupu, sivyo? Nikaitikia inggih. Maji ni ya kisima tu? Inggih. Na mlango ni wewe tu uliyeufungua? Inggih. Akanipiga bega nikayumba, akasema angalau amepata mtu mmoja mkweli katika kisiwa hiki cha watu wa kunong'ona.

Hivi ndivyo nilivyomdanganya. Yeye alisikia ndiyo tatu. Mimi nilikuwa nimemwambia mara tatu kwamba nimemsikia.

Basi akakata shauri kwamba manjano hayana faida, maana waliopewa na wasiopewa wametoka sawasawa. Nilimwona ameketi juu ya gunia la chakula, ameshika yai la chumvi la chakula chake cha mchana bila kulimenya. Nilikuwa sijawahi kumwona kimya. Alisema taratibu, kama anazungumza na gunia, kwamba bibi yake alimkuza kwa manjano, na kwamba alikuwa na hakika kabisa.

Wakati huohuo alimwambia Baba kwamba ananitaka mjini, nikamtunzie kuku wa majaribio yanayofuata, na kwamba atanisaidia niingie masomo ya afya ya mifugo. Alisema kuku wanaweza kutunzwa na yeyote, lakini uaminifu wangu haununuliwi. Baba alifurahi mpaka akaita majirani kwenye chakula cha dua. Mama akapika wali wa manjano, akaujenga kama mlima, kuku mzima kando. Kila aliyeketi mkekani alisifu ukweli wangu. Mimi nilisukuma wali ukingoni mwa sahani. Mama aliniongezea nyama, akaninong'oneza kwamba umeona, watoto wa kambo wametulipa. Anaamini hivyo kwa moyo wake wote, Dada, hilo ndilo linaloniua.

Nitokee wapi? Nikinyamaza, dawa ya kweli itaandikwa kuwa ni bure, na ndiyo hiyohiyo iliyo mgongoni mwa Mama. Nikisema, Mama ndiye aliyeharibu kazi ya watu, na Baba ndiye ambaye nyumba yake imevunja ahadi. Nani atapokea kikombe mkononi mwa Mama tena? Nimekuwa kama kuku wa kulia: waya kila upande, na kila anayepita ananitakia mema.

Jana Daktari alikuja kuchukua vyombo vyake. Nilikuwa nimeamua. Nikaanza kwa njia yetu. Nikamwambia Mama aliwahurumia sana wale kuku. Akasema basi waliobaki ni wake, awafuge. Nikamwambia dawa ya Mama ni ya manjano, na kila siku hubaki kidogo. Akasema ikibaki amwekee chupa mbili za safarini. Dereva wake, Gunadi, Mjawa mwenzetu wa mji wa Solo, alikuwa anafunga kamba kwenye gari, akacheka peke yake. Daktari akamwuliza kilichomchekesha. Gunadi akasema kwa heshima zote, “Daktari, kila siku unamwuliza Mjawa maswali ya ndiyo na siyo. Inggih siyo ndiyo. Inggih ni kukufungulia mlango tu, haina maana mgeni ameingia.”

Daktari akamkodolea macho. Akauliza miaka yote hii amejua hivyo, mbona hakumwambia? Gunadi akajibu kwamba hakuulizwa. Akauliza tena, kwa hiyo kila alipomwambia waondoke alfajiri na yeye akasema inggih? Gunadi akainamisha kichwa, akasema, “Inggih, Daktari.”

Kisha Daktari akanigeukia, na uso wake ulikuwa umebadilika. Akaja karibu. Kwa mara ya kwanza alishusha sauti, akaligeuza swali. Akaniuliza kwa jina langu la nyumbani, “Asih, kuna mtu aliwapa wale kuku kitu kingine?”

Dada, ukweli wote ulikuwa mdomoni. Niliinua macho nikamtazama usoni, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mzima. Nikafungua kinywa, na lililotoka, wallahi, ni neno pekee ambalo kinywa changu kinalijua mbele ya mkubwa.

“Inggih.”

Ilikuwa ndiyo. Ilikuwa ndiyo ya kweli, yenye maana moja tu. Daktari akaangua kicheko, akampiga Gunadi mgongoni, akasema kumbe ni kweli, hata hilo anaitikia! Gunadi akasema mtoto huyu ukimwuliza kama ameiba mwezi atakwambia inggih. Walicheka mpaka Daktari akafuta machozi.

Kulikuwa na nafasi ya neno la pili. Mama akatokea jikoni na chupa zake mbili zimefungwa kwa gazeti. Daktari akafungua moja palepale, akanywa nusu kwa mkupuo mmoja, akauliza mbona ni tamu hivi, kuna nini ndani. Mama alinitazama mimi kwanza. Kisha akasema ni manjano tu, Daktari, na ukwaju. Daktari akasema inafaa kwa watu, bahati mbaya kuku haiwasaidii. Mama akatabasamu, akainamisha kichwa. Gari likaondoka.

Jumatatu litarudi kunichukua. Nimeshakunja nguo. Majaribio yanayofuata ni ya majani ya mpapai, maana manjano Daktari ameyatupa. Huko mjini labda nitajifunza kusema ndiyo kwa lugha ambayo atanisadiki. Sina hakika.

Msalimie Shemeji, mbusu mtoto shavu la kushoto na la kulia. Baba anakusalimu, Mama anakuambia usimwogeshe mtoto jioni. Na ninayokuomba ni haya tu: habari hii ibaki kwako. Usimpigie Mama ukamlaumu, usimwambie Baba, na barua usiiache mezani. Shemeji akikuuliza nimeandika nini, mwambie kuku waliobaki wote ni wazima. Hutakuwa umedanganya.

Mdogo wako akupendaye,
Kinasih