Miche niliyoifungua Tigoni

Jumapili. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa haijachoka. Hapa Makina, Kibera, mtaro umefurika, watu wanaruka mawe kwenda dukani, na mimi nimekaa mlangoni na chai iliyopoa nikaipasha, ikapoa tena. Sina homa. Hakuna aliyenikosea. Nina aibu, basi.

Mnaonisoma hapa mtandaoni mnanijua. Darasa sikulikanyaga hata siku moja; naongea na simu, simu inaandika, na binti yangu Rehema anayapitia maandishi kabla hayajatoka. Mnaniandikia kwamba mnapenda jinsi ninavyosema mambo bila kupaka mafuta. Mmoja aliniita mama wa ukweli. Nilifurahi sana siku ile, nikamsomesha Rehema yale maneno mara tatu.

Leo sitaki asome hata mara moja. Lakini atasoma.

Kila mvua ikikaribia, mimi na rafiki yangu Nyambura wa Kawangware hupanda gari twende kuzunguka nasari za miche. Nyambura ni nyanya kama mimi na mjane kama mimi, ila yeye ana ploti na mimi nina magunia ya kulimia mboga. Anaendesha Probox ya marehemu mzee wake, kidevu karibu kiguse usukani, na malori yakimpigia honi anayapungia mkono, anadhani anasalimiwa. Tunaanzia Ngong Road kwa wale wenye maua ya vyungu, tunakata kupitia Dagoretti, tunapanda mpaka kule Tigoni kwenye baridi na majani chai. Kununua tunanunua kidogo. Kuna watu huenda kutazama maharusi. Sisi tunatazama miche, na tunaisengenya vilevile. Huu una miguu myembamba. Ule umedekezwa maji kama mtoto wa bibi.

Jana tulikwenda. Nyambura alitaka parachichi mbili za kupanda nyuma ya vyumba vyake vya kupangisha, kabla wanawe hawajaongeza chumba kingine hapo. Mimi nilitaka miche ya mboga, managu na sukuma, ya kujaza magunia yangu, na kwa kweli nilitaka safari.

Nasari yenyewe iko kwenye mteremko, imefunikwa neti nyeusi juu. Mwenyewe ni mwanaume wa makamo, mwenye adabu na haraka. Alimchukua Nyambura kumwonyesha miti mikubwa, na mimi kwa sababu ya magoti nikabaki chini ya neti. Kulikuwa na mama mmoja akinyunyizia maji, kibarua wa pale, jina lake Nekesa. Aliniona nimeshika kiuno. Alimwaga maji ya ndoo yake, akaigeuza, akaipangusa kwa leso yake na kuniambia, "Kaa hapa, shosho. Hao wawili wakianza bei hawamalizi leo." Tukacheka. Akaniuliza wajukuu ni wangapi, nikamwambia, akasema mimi ni tajiri. Halafu akaenda kuchota maji kule chini kwenye tangi.

Nikabaki peke yangu na miche ya parachichi.

Ilikuwa mbele yangu, mstari mrefu, kila mche kwenye mfuko wake mweusi. Na kila mmoja ulikuwa umefungwa nailoni katikati ya shina, imezungushwa na kukazwa kama mtu aliyevunjika mkono.

Sasa niwaeleze mikono yangu ilivyofundishwa. Mimi nimelima kwenye magunia tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Miche ya sukuma ukiinunua soko la Toi unapewa kifungu, imefungwa kwa kamba ya mgomba au kipande cha nailoni. Kitu cha kwanza ukifika nyumbani, kabla hujavua viatu, kabla hujasalimia mtu, ni kuifungua. Ukiiacha imefungwa inapata joto, inaoza kiunoni, na kesho unapanda maiti. Nimewagombeza wasichana wengi sana hapa Kibera kwa hilo. Nawaambia, wewe ukifungwa hivyo utapumua?

Basi nikaiona ile miche nikaihurumia. Wallahi niliihurumia. Nikasema moyoni, huyu mwanaume ana vibarua wachache, hawajapata nafasi ya kuifungua, na yule mama amenipa ndoo yake nikalie, wacha nimsaidie kazi kidogo. Nikaanza. Nailoni moja, ya pili, ya tatu. Chini ya nailoni niliona kidonda kimechongwa kwa kisu, na badala ya kujiuliza nikazidi kukasirika. Tazama walivyoikata kwa kukaza. Nikaharakisha. Vipande vya nailoni sikutupa chini, mimi si mchafu. Nikavitia kwenye kikapu changu.

Nilimaliza mstari. Nikakaa vizuri kwenye ndoo nikajisikia mtu wa maana.

Upepo ulipita chini ya neti. Kichwa cha mche mmoja kikaanguka. Si jani, kichwa chote. Halafu cha pili kikainama, kikaning'inia.

Hapo ndipo mwenyewe akarudi na Nyambura. Akasimama. Kisha akaita jina la Nekesa kwa sauti ambayo hata wale wa ng'ambo ya barabara waliisikia, na kwa kelele zake nikajifunza somo langu la kwanza la parachichi. Kwamba shina la chini ni la kienyeji na kichwa ni cha mti mwingine, mti mzuri. Kwamba vimechongwa vikapachikwa pamoja, vikafungwa vishikane kama ndoa changa, na usivifungue mpaka vimekuwa mwili mmoja. Kwamba hiyo ilikuwa kazi ya wiki nzima, na kuna mteja anaingoja.

Nekesa alikuja mbio, maji yakimwagika. Akatazama mstari. Akauliza, "Nani ameifungua?"

"Nakuuliza wewe," yule mwanaume akasema. "Nani alikuwa hapa?"

Nekesa alinitazama. Alitazama mikono yangu, akatazama kikapu changu, na najua aliona ile nailoni kwa sababu ilikuwa juu kabisa, inang'aa. Kisha akatazama chini. Mtoto aliyelelewa hamnyooshei nyanya ya watu kidole mbele ya watu. Akasema, "Sijui, boss."

"Kila siku hujui. Umefunga vibaya ukaona uniambie hujui. Chukua vitu vyako, enda. Usirudi."

Na mimi?

Mimi ambaye nilimwambia landlord mmoja wa Kisumu Ndogo, mbele ya wapangaji wake wote, kwamba choo chake kingekuwa na miguu kingemkimbia. Mimi ninayeitwa kwenye bomba la maji wanawake wakigombana, niseme nani ana makosa. Mimi niliyekuwa ndani ya gari asubuhi ile ile nikimkemea Nyambura kwa kumkinga kijana wake asiambiwe ukweli na mkewe.

Nilikaa kwenye ndoo ya Nekesa, nikafunika kikapu kwa ushungi.

Sikuogopa kulipishwa, nataka mjue. Wala sikumwogopa yule mwanaume, nimezaa wakubwa kuliko yeye. Niliogopa kuonekana mjinga. Maisha yangu yote nimekuwa mtu asiyejua kusoma lakini anayejua, na pale kila mtu angeona sijui. Kwa hilo tu nikamwacha mama wa watu akusanye gamboti zake na leso yake na mfuko wa chakula ambacho hajakila, akapanda mteremko kwenda barabarani. Alinipita karibu. Aliniambia, "Kwaheri, shosho," kwa sauti ile ile ya mwanzo.

Ingekuwa afadhali angenitukana.

Halafu likaja baya zaidi. Yule mwanaume alipopoa, akaona aibu ya kupiga kelele mbele ya wazee. Akatuomba msamaha. Akachukua mche mmoja wa parachichi mzima, kutoka mstari mwingine, akaniwekea mapajani. "Poleni kwa hizo kelele, mashosho. Huu ni zawadi."

Nikasema asante.

Katika yote niliyopaswa kusema pale, nilisema asante.

Njia nzima ya kurudi Nyambura alikuwa akimsema Nekesa. Vibarua wa siku hizi, hawana uchungu na mali ya mtu, wanafunga miche kama wanafunga viatu. Mimi nikijibu, "Mm." Tulipofika karibu na Kangemi akanitazama mpaka nikaogopa atatutia mtaroni, akasema, "Leo umenyamaza. Uko mgonjwa?" Katika urafiki wetu wote hajawahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia ni magoti.

Huo mche uko hapa mlangoni, karibu na mguu wangu. Una nailoni yake shingoni. Mjukuu mdogo aliunyooshea mkono asubuhi nikampigia kelele mpaka akalia, nikambeba nikamwomba msamaha, nikamnunulia mandazi. Yeye tayari amesahau. Nikaona jinsi ilivyo rahisi kumwomba msamaha mtu ambaye hana la kukuuliza.

Baada ya adhuhuri nikampigia Nyambura, nikijua ametoka kanisani. Nikamwambia yote bila kupumua, kama mtu anayemeza dawa chungu. Nikasikia sufuria zake, nikasikia mjukuu wake akiomba kitu. Kisha akasema, "Na huo wako wa zawadi, umeshaufungua pia?"

Nilitaka kucheka. Sikuweza.

"Usicheke," akasema, ingawa sikuwa nacheka. Hapo ndipo alipokasirika, na Nyambura akikasirika haongezi sauti, anaipunguza. "Zena. Umeniacha nikamsema yule mama kutoka Tigoni mpaka kwangu. Mimi leo nimesimama kanisani na dhambi uliyonitilia mdomoni. Na wewe umekaa hapo unasema mm."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilidhani nimemkosea mtu mmoja.

Nikamwambia kesho nataka kurudi huko. Akasema kesho kuna fundi wa bomba. Nikasema nitakwenda peke yangu basi, nitauliza njia. Akasema mimi na kuuliza njia tutalala Naivasha. Mwisho akasema, "Saa mbili nitakuwa barabarani. Ukichelewa nitaenda mwenyewe nikakusemee."

Sitachelewa. Sitaki kusemewa.

Nimeshapanga mambo ya yule mwanaume. Huyo simwogopi tena. Nitamwita pale pale chini ya neti, vibarua wake wote wakiwepo, kwa sababu alimfukuza mtu mbele yao na haitoshi nimnong'oneze pembeni. Nitamwambia ni mimi, kwa mikono hii. Nitamwambia sikujua miti huunganishwa. Anicheke, na wao wacheke, nimewacheka wengi. Mche wake nitamrudishia. Na nitamwambia nitakaa chini ya neti yake kila wiki nikijaza mifuko udongo, magoti na yote, mpaka aone imetosha, ila Nekesa arudi kazini.

Shida si yeye.

Shida ni kwamba sijui Nekesa anaishi wapi. Nilimwambia habari za wajukuu wangu wote, nani ana meno mapya na nani anakojoa kitandani, na yeye sikumuuliza hata kama ana mtoto. Labda leo amezunguka nasari nyingine kwenye mvua hii, akiulizwa mbona uliacha kazi kule. Atawajibu nini? Atasema hajui?

Tutauliza kwenye vibanda vya chai, tutauliza kanisani, tutauliza wanaobeba majani chai. Mtu aliyezoea kukaribisha wazee hawezi kukosa kujulikana na watu.

Na nikishampata? Tangu mchana nafanya mazoezi hapa mlangoni, mpaka Rehema ameniuliza naongea na nani. Naanza, "Nekesa, ni mimi." Naisema vizuri, kwa sauti, kama ninavyosema mambo yote.

Halafu natafuta neno la pili, na silipati.