Gari Lako Haliwaki Asubuhi

Kaka yangu,

Salamu baadaye, kwanza gari lako. Tangu baridi ianze, kila asubuhi nageuza ufunguo, linakohoa kidogo, linanyamaza. Majirani wamechoka kulisukuma. Jirani wa mbele akiniona tu na ufunguo, anarudi ndani. Bosi naye kasema nikichelewa tena nisijisumbue kuja.

Fundi alibadilisha plagi, kisha betri. Wiki haijaisha, betri mpya imelala. Akapima mpaka akakuna kichwa. "Dada, baridi inaimalizia tu. Kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limezimwa." Nikamuuliza Baba. "Betri za siku hizi makopo matupu," akasema, akageuza uso.

Jana nililiacha gari nyumbani, nikatoka kazini mapema. Nikamkuta Baba ndani ya gari, amejifunika koti lako, flashi yako imechomekwa redioni. Zile nyimbo zako, kaka! Zilezile alizokuwa akiziita kelele, mlizogombania mpaka ukabeba begi ukaondoka. Nikagonga kioo. Akazima haraka, kama mtoto aliyefumwa na sukari mdomoni.

"Nakagua spika," akasema.

Spika! Yeye hapigi simu, wewe hupigi, na anayesukuma gari ni mimi.

Betri nyingine sinunui, nakuapia. Mpigie simu jioni, kabla giza halijaingia. Utampata garini.

Ni mimi mdogo wako, mwenye grisi mpaka kwenye kucha.