Kidole cha Mwinyijuma

Kiwangwa,
Jumanne, baada ya adhuhuri.

Kwako dada yangu Mwaija,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na wanangu wa hapo Miono hawajambo? Huku tu wazima, isipokuwa kidole gumba cha mguu wa shemeji yako, na hicho ndicho kilichonishikisha kalamu. Simu nisingeweza kupiga, maana Mwinyijuma habanduki hapa nyumbani.

Dada, nimechoka. Unajua mume wangu hafanyi jambo mpaka mwili wake umpe ruhusa. Jicho la kushoto likimcheza, hanunui mbegu. Tumbo likimsokota kidogo, kwenye kikao cha shule haendi. Mwezi uliopita wanunuzi wa mananasi walikuja na gari mpaka shambani, akasema mwili umemsisimka, hawauzii. Yakatuozea. Nilipomwambia labda ni baridi tu, akanijibu kwamba mimi sina mwili, nina ulimi.

Na akijikwaa mguu wa kushoto wakati wa kutoka, basi safari imekufa. Hurudi ndani, akavua kanzu, akalala. Hata mazishi ya ami yake aliyakosa hivyo hivyo.

Sasa sikiliza. Tangu mwezi wa Rajabu ana mchumba huko Fukayosi, mjane aitwaye Mwanvita. Aliyeniambia ni jirani yangu Bi Ashatu. Nilipomuuliza mwenyewe hakukana, alisema moyo wake umetulia juu ya jambo hilo. Miaka kumi na tisa nimekaa naye, dada, leo moyo umetulia kwingine. Mara tatu amevaa kanzu kupeleka posa, na mara tatu amejikwaa pale kizingitini akarudi.

Ni mimi. Nililichokonoa tofali la kizingiti kwa jembe likainuka, nami najua akitoka hutanguliza mguu upi. Hajaliona mpaka leo, kwa kuwa anautazama mwili wake tu. Naona haya kukuandikia, lakini ningefanya nini?

Jana amewapelekea ujumbe watu wa Fukayosi kwamba mwili umekataa, posa haipo. Nimeshinda. Nikapika wali wa nazi, nikashindwa kuula. Mwanamume anayeacha mchumba kwa sababu ya kidole, kesho jicho likimcheza si ataniacha mimi?

Msalimie shemeji na uwabusu watoto. Ukishasoma, ichane, wala usinijibu kwa simu.

Ni mimi mdogo wako,
Adila