Mwanaidi Alipoongoza Mkutano

Kwamsisi, Handeni

Shikamoo mama,

Natumaini baridi ya Bungu haijakukaza magoti. Huku jua linachoma hadi kivulini, ila leo nimeona jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nianze kufundisha hawa vijana wanaotaka kazi ya kutoa elimu ya uraia.

Yupo mmoja, Mwanaidi wa Kilole, ambaye wiki iliyopita alishindwa hata kutaja jina lake mbele ya wenzake. Leo tuliwaigizia wanakijiji mkutano wa kijiji, yeye akawa mwenyekiti. Katikati ya igizo bibi mmoja akasimama na swali la kweli: “Pampu ya maji imekufa tangu masika. Mkutano wetu wenyewe utaitishwa lini?”

Mwenyekiti halisi wa kijiji akainuka kumkatiza. Mwanaidi akamgeukia. “Shikamoo mzee.”

“Marahaba.”

“Naomba uketi kidogo, bibi hajamaliza. Ukinyoosha mkono nitakupa nafasi.”

Mama, watu wote wakamgeukia mzee. Mzee akamtazama sana, kisha akaketi. Bibi alisema yote yaliyomjaa moyoni. Ndipo mzee akanyoosha mkono, akangoja aitwe, akatangaza mkutano wa Jumamosi.

Baadaye tulipokaribishwa bada, ugali wao wa muhogo, na kisamvu, Mwanaidi alitetemeka mpaka tonge likamponyoka. Na mimi ndiye naitwa mwalimu wake!

Ota moto mama, na Mungu akulinde mpaka nirudi.

Mwanao,
Elia