Kiti Kimoja Kwenye Pikapu

Jumatano, 4 Juni

Safari ipo! Msimamizi ametuambia asubuhi tukiwa bado tunachekecha mchanga. Wafanyakazi wa uwanja wa gofu wa ule mji wa chuo, kule ziwani, wametualika tukacheze nao. Si wanachama – sisi! Sisi wakata nyasi. Tunaondoka Ijumaa ya tarehe ishirini, tunalala kwenye vyumba vya wanafunzi maana watakuwa likizo, Jumapili tunarudi.

Pikapu ya klabu ina viti vinne. Kimoja cha msimamizi, hilo halina mjadala. Dada wa stoo yumo, anapiga mpira mbali kuliko mwanamume yeyote hapa. Mzee wa Pampu yumo. Kimebaki kimoja, na tunaokitaka ni wawili: mimi na Kijiko, dereva wa trekta, ninayelala naye chumba kimoja. Jumatatu klabu hufungwa, tutacheza mashimo tisa. Atakayemaliza kwa mapigo machache ndiye anayekwenda. Tukilingana anakwenda Kijiko, kwa sababu alianza kazi kabla yangu.

Sijamwambia mtu kwa nini nataka kwenda. Mke wangu yuko kule. Anafua mashuka ya bweni. Kazi ilimpeleka upande ule, mimi ikanileta huku, watoto wako kwa mama yangu. Mwaka na nusu hatujaonana.

Alhamisi, 5 Juni

Mgongo! Mvua imesomba mchanga wote wa mitego ya mipira uwanjani, tumechota kwa koleo hadi mchana.

Kijiko haongei kingine ila safari. Ameshapanga nani akae dirishani, tusimame wapi kuchimba dawa, nani abebe sabuni. Hajawahi kuona ziwa. Eti ng'ambo haionekani, kaka? Dada wa stoo akamdaka: "We Kijiko, mpira wako kila siku uko kwenye dimbwi. Ziwa la nini tena?" Tulicheka mpaka msimamizi akatoka ofisini.

Saa ya chakula nilimpigia mke wangu. Nikamwambia huenda nikaja. Yakaja maswali – lini, na nani, mtalala wapi. Kama karani. Nikamuuliza, hujafurahi? "Nimefurahi, baba watoto. Nina mashuka kwenye maji." Akakata.

Zamani alikuwa analalamika. Mikono imechubuka, mkubwa wake ana makelele, chumba kina unyevu. Siku hizi halalamiki hata kidogo. Hilo ndilo linaloniwasha.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika ukweli, hakuna anayesoma hapa.

Kazi yangu kila asubuhi ni kuhamisha mashimo. Watu wanadhani shimo la gofu liko palepale miaka yote. Lingekaa palepale, nyasi za kuzunguka zingekufa kwa kukanyagwa. Kwa hiyo nazunguka na kile chuma cha duara chenye mikono miwili. Natoboa jipya, naziba la jana, nahamisha kikombe na bendera. Pa kutoboa nachagua mwenyewe. Na Jumatatu vilevile ni mimi.

Kijiko ana nguvu, lakini mpira ukitakiwa kushuka mteremko taratibu mkono unamtetemeka. Mimi kushuka naweza. Kupanda ndiko kunakonishinda. Leo nimeshachagua mahali pa mashimo yote tisa kichwani. Yote ni ya kushuka.

Nikiwa nimesimama pale napima kwa macho, Kijiko akapita na trekta. Akapunguza mwendo, akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula. Akanirushia nusu ya mkate wake.

Jumapili, 8 Juni

Leo mke wangu kapiga simu mwenyewe. Unakuja au huji? Nikasema sijui bado, kiti tunakigombea. "Basi kipate. Kuna jambo nataka kukuambia." Jambo gani? "Si la simu, baba watoto." Sema tu! "Nimesema si la simu."

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningetulia. Alikuwa mpole, kama nesi kabla ya sindano.

Nimefua shati moja mara mbili. Nimezunguka uwanja mzima bila kazi yoyote. Kijiko ananiuliza, "Una nini, kaka? Unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia." Nikamwambia mgongo.

Anaumwa? Ana mtu? Nikienda nitajua. Nisipoenda – basi sijui kitu, na mke bado ni wangu.

Jumatatu, 9 Juni

Naandika nikiwa kwenye banda la mashine. Radi. Msimamizi katuingiza wote ndani, mvua inapiga bati, lazima upige kelele ndiyo usikike.

Asubuhi nilitoboa mashimo manane kama nilivyopanga. Kwenye mteremko yote, na aibu nilikuwa nayo. Nikafika la tisa. Mahali nilikuwa napajua, kule chini. Miguu ikanipeleka juu, nyuma ya kinundu, ambako sijawahi kutia mpira kwa pigo moja tangu nianze kazi hapa. Nikakanyaga chuma kikazama. Mwenyewe, kwa mguu wangu!

Na Kijiko leo hakutetemeka. Ziwa limemtia moyo. Mashimo manane yameisha tuko sawa. La tisa ameshalimaliza. Mpira wangu mimi niliupiga vibaya kabisa, ukaruka bendera, ukagonga ukingo, ukarudi ukitambaa, ukasimama kando ya shimo. Shibiri moja! Nikiutia kwa pigo moja, kiti ni changu. Nikihitaji mawili tumelingana, na kiti ni chake. Ndipo radi ikapiga. Msimamizi akauokota mpira, akaacha kizibo cha soda mahali pake.

Kijiko amekaa juu ya tairi. "Hongera, kaka. Utanipigia picha ya ziwa?" Nikamwambia bado sijautia. "Ule? Ule hata bibi yangu anautia kwa kisigino!" Mzee wa Pampu kacheka mpaka kakohoa. Kijiko naye kacheka, halafu akageuka upande wa ukuta.

Simu imeita. Ni yeye. Nimeiacha ikaita mpaka ikanyamaza.

Mvua imekatika. Dada wa stoo ameifuta fimbo yangu maji, ameniwekea magotini. Wote wametoka, wamesimama kuizunguka bendera. Wananiita. Msimamizi anauliza kwa sauti kama nimelala huku. Nimejibu nafunga kamba za viatu.

Nimevaa buti za mvua. Hazina kamba.